Tangi la Watu Wawili

Jumatatu, Machi 4

Mambo yote ya boti yetu alikuwa akiyakumbuka mke wangu: lini tulibadilisha kamba, lini gesi iliisha, nani aliazima ngazi na hakuirudisha. Sasa yuko kwa binti yetu, alikwenda kumsaidia kulea mtoto mchanga, na kichwa changu kinavuja kuliko paa. Kwa hiyo nimenunua daftari hili. Akirudi nitamkabidhi, aone kwamba nami naweza kuweka mambo sawa.

Leo msimamizi wa gati amepita boti kwa boti chini ya mwavuli wake mkubwa. Tangazo lake ni fupi: mvua hizi zikiisha, boti yoyote yenye choo kinachomwaga mtoni itaondoka hapa gatini. Choo kimwage ndani ya tangi, na tangi likijaa linyonywe na pampu.

"Hata sisi tunaoishi humu?" nikamuuliza.

"Nyinyi ndio hasa, mzee wangu. Hao wengine huja Jumapili kupunga upepo. Nyinyi mnakwenda choo kila siku."

Choo chetu ni cha pampu ya mkono. Unamaliza shughuli yako, unashika mpini, unavuta na kusukuma mpaka kila kitu kiende zake. Tatizo ni kwamba maji ya hapa gatini hayana haraka, na ulichokitoa hukaa kidogo kando ya boti kukuaga. Mke wangu hajapata kulizoea jambo hilo. Akiona majirani wamekaa nje alikuwa anajizuia mpaka waingie ndani, halafu anatoka chooni amenuna kama ni mimi niliyeuchimba huu mto.

Boti hii ndiyo nyumba yetu tangu nilipofunga duka langu la ushonaji. Ikifukuzwa hapa sina pa kuipeleka, maana injini yake ilikufa hata kabla hatujainunua. Lakini jioni hii nimewaza jambo jingine. Choo kikiwa cha heshima, mke wangu hatakuwa na kisingizio cha kukaa kwa watu. Atarudi. Hili tangi huenda likawa heri.

Jumanne, Machi 5

Mvua. Nimepunguza viuno vya suruali mbili.

Ijumaa, Machi 8

Leo nimejificha kwenye choo changu mwenyewe ili kumkwepa Redio.

Redio ndiye mtu wa pampu. Ana kimashua bapa chenye pampu, mpira mnene na pipa kubwa la buluu, na huzunguka nacho gatini kunyonya matangi ya wale walio nayo. Jina alipewa na watu wa hapa kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Ukimwitikia salamu tu, umekwisha: atakueleza habari za kila boti, nani amegombana na nani, na pampu yake ilikohoa vipi juzi. Tangu tangazo litoke amepata nguvu mpya. "Hodi wenye boti! Mzee fundi, umeshanunua tangi? Usije ukanunua la chuma!" Nikakaa kimya gizani mpaka sauti yake ikaenda kumchosha mtu mwingine. Harufu yake ilibaki.

Jumamosi, Machi 9

Mke wangu amekuja, kama kila Jumamosi. Maji ya mto bado yako chini, kwa hiyo ubao wa kupandia botini umesimama kama ngazi. Aliushuka kinyumenyume, kashika kamba kwa mikono miwili, huku akinilaumu mimi na mto kwa zamu. Nilikuwa nimeshachemsha chai na kufuta meza.

Nikamweleza habari za tangi. Nilidhani atafurahi zaidi.

"Vizuri, baba," akasema. "Weka unavyoona wewe."

Mjukuu anaota jino. Binti anakohoa. Tulizungumza hayo. Baadaye aliingia chumbani kukusanya nguo za kufua, maana kwa binti maji ya bomba ni mengi na kuna mahali pa kuanikia. Mimi mwenyewe nilimbebea kapu mpaka getini. Lilikuwa zito, nikamtania, "Mama, unaenda kufua mawe?" Akacheka kidogo, akapanda gari la abiria, akaondoka.

Kitandani upande wake bado una shimo la mwili wake. Silali huko.

Jumatano, Machi 13

Nimekwenda kwenye duka la vifaa vya boti. Muuzaji ni mama mmoja mnene mwenye penseli sikioni, na hana haraka na mteja. Alinionyesha aina tatu.

Kwanza, mfuko wa mpira unaojikunja na kuingia penye upenyo wowote. Huu uliniita. Mimi ni mshonaji, kitu kinachokunjika nakielewa. Lakini nikaugeuza, nikatazama mikunjo yake, nikakumbuka suruali zote zilizoletwa dukani kwangu zimetoboka magotini na kwenye mapaja. Kitu kikisuguana na ubao usiku na mchana, lazima kitoboke. Na kikitoboka humo sitaki kuwepo. Pili, tangi la chuma, ambalo mama mwenyewe alisema mkojo hulila taratibu kama kutu yenye njaa. Tatu, plastiki nene, ngumu, nyeupe. Hilo ndilo.

"Mko wangapi botini?" akaniuliza.

"Wawili."

Alikuwa ameshashika tangi dogo kwa mkono mmoja. Akaliweka chini. "Kama ungekuwa peke yako ningekupa hili, linaingia chini ya sinki bila kubomoa kitu. Kwa watu wawili chukua lile kubwa. La sivyo mtamwita mtu wa pampu kila mkigeuka."

Nikasema kubwa. Akaandika vipimo vyake kwenye kipande cha karatasi, akaniambia nikatengeneze boksi la karatasi ngumu lenye vipimo hivyohivyo, nilipitishe kila mahali tangi litakapopita, kabla hajaagiza. Nilitaka kucheka. Maisha yangu yote nimekata vielelezo vya karatasi kabla ya kukata kitambaa. Anamfundisha nani?

Alhamisi, Machi 14

Mvua, mvua, mvua. Kila kitu ndani kimeshika unyevu, hata chumvi.

Jumapili, Machi 17

Boksi limekamilika, na sijisifu nikisema ni kazi safi. Nilikata kwa mkasi wa kitambaa, nikaunga pembe kwa gundi ya karatasi. Lilikaa siku mbili likinisubiri karibu na mlango, mpaka leo nilipopata nafasi.

Nafasi pekee ya kutosha tangi ni chini ya kitanda upande wa mke wangu, ambako kuna sanduku la mbao lililojengwa pamoja na kitanda. Humo huweka nguo zake. Sikulifungua. Sanduku la mtu ni la mtu, na hilo tulielewana tangu tuoane. Nilipima kwa nje kwa futi yangu ya ushonaji, nikatoa unene wa mbao. Tangi litaenea, na nafasi ya mipira itabaki.

Kisha nikalipitisha boksi: mlango mkubwa, sebuleni, mlango wa chumbani. Pale kwenye mlango wa chumbani lilisita kidogo, nikalisukuma kwa goti, likaingia. Kesho nitampigia yule mama wa dukani aagize.

Jumamosi, Machi 23

Hakuja. Binti ana homa, mtoto hana wa kumshika. Chai niliyochemsha nimeinywa mwenyewe, vikombe vyote viwili.

Nilimpigia simu jioni, nikamwambia tangi litakaa ndani ya sanduku lake, kwa hiyo nitamtolea nguo nizihamishie kwenye kabati la juu.

"Usiliguse," akasema upesi. "Nitakuja kutoa mwenyewe."

"Nguo ni nguo, mama. Nyingine nimezishona mimi."

"Nimesema nitakuja."

Nikamtania kwamba ameficha dhahabu. Hakucheka. Baada ya miaka yote hii bado mwanamke ana siri na sanduku lake. Kwa kweli nilifurahi. Nikaona hiyo ni sababu ya yeye kuja.

Ijumaa, Machi 29

Maji yamepanda. Ubao umeanza kulala. Leo sikuzungumza na mtu hata mmoja isipokuwa Redio, na Redio hahesabiki, kwani kwake mtu hazungumzi, anasikiliza. Zipu ya koti lake la mvua imekufa, amelifunga kwa kamba kama gunia.

Jumatano, Aprili 3

Tangi limeletwa kwa mkokoteni. Mwenye mkokoteni alilishusha mwanzo wa gati akageuza, akisema yeye na maji hawapatani. Nilikuwa nimesimama pale nalikumbatia kama mtu anayecheza dansi na jokofu, mvua ikinipiga, Redio akatokea. Sikuwa na pa kujificha.

"Shika huko, mzee fundi, mimi nashika huku!"

Lazima niseme ukweli, bila yeye lingeelea mpaka baharini. Maji yamejaa hivi kwamba ubao uko sawasawa, tukaliingiza sebuleni bila shida. Tukafika mlango wa chumbani. Likagoma. Tukaligeuza kwa ubavu, likagoma. Tukalisimamisha, tukalilaza, Redio akaliombea dua, likagoma.

"Haiwezekani," nikasema. "Nimelipitisha hapahapa." Nikamletea boksi langu kama shahidi.

Redio akalibonyeza kwa kidole. Kidole kikazama. Akalibonyeza upande wa pili, nao ukabonyea kama mkate uliochovywa kwenye chai.

"Mzee, boksi lako limelowa. Hili ungelipitisha hata kwenye tundu la ufunguo."

Nikakaa chini. Siku mbili mlangoni, na mvua ile. Na lile goti langu. Ungekuwa umeniuliza ningeapa kwamba lilipita lenyewe. Ndivyo mikono yangu ilivyozoea: kitambaa kikisita unakivuta kidogo, kinakubali. Plastiki haina ubinadamu huo. Nilingoja Redio anicheke, na gati zima lijue kabla ya magharibi. Hakucheka. Aliketi juu ya tangi akatazama mlango, halafu dari, kimya. Sikujua anaweza.

"Tutafikiria," akasema, akaenda zake.

Sasa tangi liko katikati ya sebule, kati ya meza na cherehani. Kila nikitaka kwenda kulala ninalipanda kama mlima.

Jumamosi, Aprili 6

Niandike polepole.

Asubuhi mke wangu alituma ujumbe: njia imejaa maji, hatakuja. Nikaona siku zinakwenda na sanduku bado limejaa nguo. Hata kama tangi halina njia ya kuingia, mahali pa kulilaza paandaliwe. Nilifikiri nitamrahisishia kazi. Nilitandika shuka safi juu ya meza ili nguo zake zisiguse unyevu. Nilinawa mikono. Nikainua godoro, nikainua kifuniko.

Sanduku ni tupu.

Nilirudisha kifuniko, nikakifungua tena, mtu mzima mimi. Kulikuwa na vidonge vya kufukuza nondo pembeni, hanga moja la waya, na kifungo cha kijani. Gauni la kijani nilimshonea mwaka tuliofunga duka. Koti la kijivu lenye bitana ya hariri, lile lililonitoa jasho kwenye mabega. Sketi mbili za sufu. Shali. Nguo za msiba, nguo za harusi. Ninazijua zote kwa mishono yake, na hakuna hata moja.

Ndipo nikaliona kapu. Kila Jumamosi, nguo za kufua. Zilizorudi zilikuwa zangu: mashati yangu yamenyooshwa, yamekunjwa. Za kwake hazikurudi, wala mimi sikutazama. Na kila Jumamosi nilimbebea kapu hilo mpaka getini kwa mikono yangu, nikimtania kwamba ni zito.

Amehama. Amehama taratibu, kapu kwa kapu, na mimi ndiye mpagazi wake.

Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka shuka safi ya mezani ikaanza kupata unyevu. Nina hasira naye. Nimeandika hivyo nikaona si kweli, au si kweli yote. Nimeona aibu. Mtu ninayelala naye maisha yote alikuwa anaondoka mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa napima mbao.

Redio alipita nje akiita. Sikuitika.

Jumapili, Aprili 7

Mvua.

Jumanne, Aprili 9

Nimempigia. Nilikuwa nimepanga maneno, lakini alipopokea nikakosa hata la salamu.

"Umefungua sanduku," akasema.

"Nimefungua."

Nikasikia mtoto analia nyuma yake, na mlango ukifungwa, na kilio kikawa mbali.

"Nilitaka nikwambie uso kwa uso," akasema. "Kila Jumamosi najiambia leo ni leo. Nafika, nakuta umechemsha chai, umefuta meza, nashindwa."

"Kwa hiyo hurudi."

"Magoti yangu hayauwezi tena ule ubao, baba. Na ule unyevu. Huku naamka shuka ni kavu. Sikujua kama nilikuwa nimeisahau raha ya shuka kavu."

"Nimenunua tangi," nikasema. "Choo kitakuwa—"

"Si choo." Alisema kwa upole, na upole wake uliniuma zaidi. "Ulidhani ni choo?"

Nilidhani ni choo.

"Mimi sikukuacha wewe," akasema. "Nimeiacha boti. Njoo huku. Binti ameshasema chumba cha nyuma ni chako na mimi. Njoo."

"Na boti?"

"Unaona," akasema. "Nimesema njoo, na wewe umesema na boti."

Mtoto akalia tena, akaniaga, akakata.

Nimewahi kukaa kile chumba cha nyuma siku chache, mtoto alipozaliwa. Ni chumba kizuri. Niliomba ruhusa kuwasha taa, niliomba ruhusa kuhamisha kiti, mkwe wangu aliniita "mgeni wetu" kwa nia njema kabisa. Cherehani haingii mle. Ninaogopa, ndiyo ukweli wenyewe. Huko nitakuwa mgeni na hapa nitakuwa peke yangu, na sijui ni lipi nitakaloweza kulivumilia.

Alhamisi, Aprili 11

Mama wa dukani anasema tangi likiwa halijatumika atalipokea na kunipa lile dogo. Linaingia chini ya sinki. Halihitaji mlango, halihitaji kitanda, halihitaji sanduku la mtu. Mtu mwenye akili angekubali papo hapo.

Nimekaa juu ya tangi jioni nzima. Nikilirudisha, nitalazimika kumwambia yule mama kwa nini.

Jumamosi, Aprili 13

Nilitoka nje nikamwita Redio mwenyewe. Alishtuka mpaka karibu aangushe mpira mtoni.

"Ulisema utafikiria," nikamwambia.

"Nilishafikiria siku ileile, mzee. Nimepita kila siku kukwambia, huitiki." Akanyoosha kidole juu. "Kuna dirisha la paa juu ya kitanda. Tukitoa fremu yake, tangi linashuka lenyewe mpaka mahali pake. Halipiti mlango wowote."

Miaka yote nimelala chini ya dirisha lile nikitazama mawingu.

Jumapili, Aprili 14

Mvua ilikatika asubuhi na tukaiwahi. Nilitoa parafujo za fremu, Redio akaja na turubai na kamba mbili. Tulilipandisha tangi juu ya paa, tukalifunga kamba, tukaanza kulishusha taratibu. Lilipokuwa nusu ndani nusu nje, matone yakaanza. Redio akalala kifudifudi juu ya paa, akajifunika turubai yeye na tundu zima, mguu mmoja ukining'inia nje, akiendelea kulegeza kamba na kuongea. Nilikuwa chini ndani ya sanduku lililo wazi, nimeinua mikono kupokea. Maji yalikuwa yananiingia kwenye mikono ya shati. Nikaruka nje ya sanduku, tangi likatua. Lilienea kama koti lililopimwa.

Tulirudisha fremu tukiwa tumelowa. Nikamwambia aingie anywe chai.

"Ndani?" akauliza.

"Wewe unakunywa chai wapi?"

Alivua viatu, akavua koti, akatafuta pa kuliweka, mwisho akaliacha nje kwenye mvua. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Alishika kikombe kwa mikono miwili na hakusema neno mpaka kikaisha. Halafu akasema, "Watu huzungumza na mimi nikiwa kule chini kwenye mashua, mzee. Sasa nikipata mazungumzo, nayashikilia." Akaona haya, akaanza kunieleza habari za pampu.

Nimelichukua lile koti. Nitalitia zipu mpya.

Alhamisi, Aprili 18

Mipira. Ni minene, migumu, na bei ya kitu kigumu lazima uilipie kwa vidole. Redio anasema mpira mwepesi hupitisha harufu baada ya muda, hata kama hauvuji. Mmoja unatoka chooni kwenda kwenye tangi. Wa pili unatoka kwenye tangi kwenda kwenye mdomo wa kunyonyea huko juu, wenye kifuniko cha shaba. Wa tatu ni mwembamba, wa kupumulia, unatokea ubavuni mwa boti. Bila huo tangi linavimba au linabonyea. Nimelifunga tangi kwa mikanda niliyoishona mwenyewe, mishono mitatu mitatu. Hilo halitacheza hata mto ukiamua kucheza.

Jumamosi, Aprili 20

Tumejaribu kwa maji safi. Kiungo kimoja kililia machozi kwa sababu nilikiwekea kibanio kimoja badala ya viwili. Sasa kina viwili. Kipimo kinafanya kazi: mshale mdogo mwekundu, kama wa mafuta ya gari.

Mke wangu alipiga. Tulizungumza habari za jino la mjukuu. Limetoka.

Jumatatu, Aprili 29

Msimamizi wa gati amekagua. Alipiga magoti, akamulika tochi, akanusa, akavuta mikanda yangu. "Nani ameshona hii?" Nikasema mimi. Akabandika kibandiko cha kijani dirishani. Tunabaki.

"Na mama yuko wapi siku hizi?" akauliza akiwa anatoka.

"Yuko kwa binti," nikasema. "Mtoto bado mdogo."

Jumamosi, Mei 4

Jua, la kwanza tangu sijui lini. Mke wangu amekuja. Maji bado yamejaa, ubao umelala, akapita bila kushika kamba wala kulaumu mtu. Alikuwa amevaa gauni la kijani. Kifungo cha tatu hakipo, amebana kwa pini.

Nilikuwa nimechemsha chai. Nilikuwa nimefuta meza. Nilimwonyesha kila kitu: mipira, mikanda, mshale mwekundu. Aliinama, akaweka mkono juu ya tangi pale zilipokuwa nguo zake.

"Umefanya kazi nzuri, baba. Lakini mbona kubwa hivi?"

"Muuzaji aliniuliza tuko wangapi."

"Ukasemaje?"

"Nikasema wawili."

Aliendelea kuweka mkono pale, kisha akajifuta macho kwa mgongo wa mkono, akasema anaomba kwenda chooni. Nilimsikia akipiga pampu. Yeye huipiga hivi: mara tatu za haraka, anapumzika, mara tatu tena. Kwa sauti hiyo ningemjua gatini pote. Alipotoka alikuwa anatabasamu kidogo.

"Hiki sasa ni choo cha binadamu," akasema.

Nikamwambia akae, nikaleta kile kifungo na uzi wa rangi yake. Nilikishona akiwa amelivaa, nimeinamia kifua chake, yeye akitazama dirisha la paa ili asinipige kidevu. Nilizungusha uzi mara nyingi kuliko inavyohitajika. Nilipokata uzi kwa meno alinishika kichwa kwa mikono yote miwili, akaniachia.

"Chumba bado kipo," akasema.

"Najua."

"Nitakuja maji yakiwa juu. Yakishuka, utakuja wewe. Japo Jumapili."

Nikasema nitakuja Jumapili. Nilimsindikiza mpaka getini. Hakuwa na kapu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Jumapili, Mei 5

Nimekitazama kipimo. Mshale haujasogea.

Jumapili, Mei 19

Nilikwenda kwa binti. Nimekula vizuri, nimembeba mjukuu, nimerudi kabla ya giza. Mke wangu alinifungia mashati yaliyonyooshwa. Shuka za huko ni kavu kweli. Anasema kweli.

Alhamisi, Mei 30

Mvua zimekwisha. Maji yanashuka, ubao unaanza kuinuka.

Redio amekuja kunyonya kwa mara ya kwanza. Alikuja amevaa koti lake, zipu imefungwa mpaka shingoni ingawa jua linachoma. Alifungua kifuniko cha shaba, akaingiza mpira, pampu ikakohoa mara mbili, ikamaliza.

"Mzee, hakukuwa na kitu humu! Msimamizi anataka niweke rekodi ya kila boti. Niandike mko wangapi?"

Nilitazama ule ubao.

"Mmoja," nikasema. "Niko peke yangu."

Nilidhani ataanza maswali. Akaandika tu, akakunja mpira wake taratibu.

"Basi kwa mtu mmoja na tangi kubwa kama hili," akasema, "sina haja ya kurudi hapa mpaka mvua nyingine."

"Njoo tu," nikamwambia. "Hata kama halijajaa."